Mkalimani Aliyesomea Haki Uzeeni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Sitaki mtu asome mistari miwili kisha aende akaseme amesoma. Nataka kuwaeleza habari za mwanamke mmoja ambaye wengi wenu mlimpita pale Malindi mkadhani ni bibi tu anakwenda sokoni kununua mchicha. Hatunaye tena. Jina lake silitaji, maana mwenyewe hakupenda kutajwa, nami namheshimu hata pale tulipokuwa hatupatani. Alikozaliwa na ukoo wake siwaambii pia. Hayo ndiyo mnayouliza kwanza nyinyi, na mkishajua mtu ni wa nani mwaona mmemmaliza.

Sisi tulimwita Mkalimani. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, mkalimani wa mahakama. Zaidi ya miaka thelathini alisimama kati ya hakimu na watu wetu wa mashambani, akiyatoa maneno kwenye Kigiriama akiyatia kwenye Kiswahili na Kiingereza, kisha akiyarudisha njia ile ile. Mimi niliishia darasa la tatu. Kwa hivyo msitarajie niwafundishe sheria.

Alikuwa na kichwa cheupe kama pamba, na alitembea nacho wazi. Kwenu nyinyi hilo si jambo. Kwetu sisi upande wa Magarini, mzee mwenye mvi, na macho mekundu kwa moshi wa kuni, na shamba ambalo mtu mwingine analitaka, huyo ameshakuwa mutsai, mchawi. Mtoto wa jirani akiugua homa, watu hawatazami maji anayokunywa, wanatazama mvi za nani ziko karibu. Wazee wetu, wanaume kwa wanawake, wanapaka nywele piko, ile rangi nyeusi, kila baada ya wiki mbili ili wasionekane wamezeeka. Mimi nilipaka mpaka ngozi ya kichwa ikachubuka.

Yeye alisema, "Mvi hizi nimezifanyia kazi. Anayeziogopa na afumbe macho."

Niwaambie tulivyojuana. Mume wangu alikufa akaniachia shamba. Mtoto wa shemeji yangu, huyu nitamwita Mwana wa Shemeji, alifiwa na kitoto chake kwa homa, Mungu akirehemu kile kiumbe. Baada ya matanga wakaja wanaume wanne, wakachoma jiko langu la makuti, wakaniambia nichague, niondoke kwa miguu au nitolewe nikiwa nimebebwa. Nikaenda kwa binti yangu Matsangoni. Nikakaa miaka miwili kwa mkwe, nikila chakula cha watu huku minazi yangu ikianguliwa na wengine. Mtu asikudanganye kwamba kwa mtoto wako ni kwako. Kwako ni pale ambapo hakuna anayekuuliza utaondoka lini.

Huko Matsangoni ndiko Mkalimani alikonikuta, alipokuja kuwahoji wazee waliofukuzwa makwao. Alikuwa amestaafu, lakini alikuwa mwanafunzi. Msicheke. Shahada ya kwanza ya sheria aliipata akiwa bado kazini, akisafiri Mombasa kila mwisho wa juma. Alipostaafu watoto wake wakamwambia, "Mama, watu wakistaafu hufuga kuku."

Akawajibu, "Kuku nimefuga. Hawana maswali."

Akajiandikisha kusomea shahada ya uzamili, sheria ya kimataifa ya haki za binadamu. Masomo yenyewe yalikuwa kwenye kompyuta, na wenzake darasani walikuwa vijana wa miji na nchi mbalimbali. Mmoja alimwita "Mama" mbele ya darasa zima, akidhani anampa heshima. Akaambiwa, "Mama yako yuko kwenu. Hapa mimi ni mwanafunzi mwenzako, na jana hukusoma, nimekusikia."

Alikuwa na namna yake ya kusoma ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Aliketi barazani kwake na ile mikataba ya mataifa iliyochapwa kwenye karatasi, akasoma kifungu kimoja kwa sauti kwa Kiingereza, kisha akakigeuza Kigiriama, papo hapo, kwa yeyote aliyekuwa karibu. Kama ni mpangaji wake anayefua, ataambiwa aache maji asikilize. Kama ni mimi nimemtembelea, nachambua kunde, nitaulizwa, "Umeelewa?" Nikisema sijaelewa, alikuwa hanilaumu mimi. Alikipigia kile kifungu mstari kwa kalamu nyekundu na kusema, "Hiki hakijaiva." Mwenye duka la fotokopi, Mhindi mmoja mpole, alizoea kumchapishia kurasa mpya kila mwezi kwa sababu zile za kwanza zilikuwa nyekundu tupu.

Siku moja alinisomea kwamba kila nchi itahakikisha mzee hadhulumiwi kwa kusingiziwa uchawi. Nilielewa. Nikamuuliza, "Hiyo nchi, siku walipochoma jiko langu, ilikuwa imesimama wapi?"

Aliandika swali langu pembeni mwa karatasi, na baadaye akamuuliza mwalimu wake vile vile nilivyosema, bila kulipamba. Alinieleza kwamba mwalimu alisema ni swali zuri. Mkalimani alikasirika wiki nzima. "Nimemuuliza njia, ananisifia viatu!"

Sasa msidhani nawachorea malaika. Alikuwa mkali bila sababu. Alikatiza watu maneno, yeye ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kungoja mtu amalize. Mkaza mwanawe hakuwa na haki hata moja katika nyumba ile, hata ya kuchagua sufuria ya kupikia wali. Nilimwambia, "Hii mikataba yako haiingii jikoni?" Akasema jikoni ni nchi nyingine, haijatia sahihi.

Na alikuwa mwoga wa kitu kile kile alichokuwa akikisomea. Ndiyo, alikuwa mwoga. Nywele zilizotoka kwenye kitana alizichoma. Kucha alizifukia. Popote alipokwenda kuhoji wazee alibeba chupa yake ya chai na kikombe chake, kwa sababu hakula wala hakunywa nyumba za watu. Mara ya kwanza na ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu nilimpikia chai ya maziwa na tangawizi, nikaiweka mbele yake, naye akafungua chupa yake.

Nikamwambia, "Dada, ngoja. Wewe unaandika kitabu kuwaambia Wazungu kwamba mimi si mchawi."

"Ndiyo."

"Na chai yangu huinywi."

Akaitazama chai. Binti yangu akaanza kusema, "Mama, mwache mgeni..." nikamnyamazisha kwa jicho.

"Mimi nasomea sheria," Mkalimani akasema. "Mengine sijayasomea."

"Basi yasomee leo. Ukitoka hapa hujainywa, usirudi na zile karatasi zako. Wale walionichomea jiko angalau hawakujifanya marafiki."

Jasho lilimtoka, niliona kwa macho yangu, mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya wauaji asitetemeke. Kisha akakichukua kikombe kwa mikono miwili akainywa yote, moto moto, mpaka chini. Akaweka kikombe. Akasema, "Sukari nyingi." Tangu siku hiyo ndipo nikaanza kumjibu maswali yake kwa ukweli.

Tukagombana tena kwa ajili ya jina. Chuo chake kilikuwa na fomu ya idhini. Ilisema majina ya waliohojiwa yatafichwa kwa usalama wao, na kila mtu atapewa namba. Mimi nilikuwa Mhojiwa wa Saba. Nikamwambia sitaki. Mwana wa Shemeji ameniondoa shambani, amenivua jina ananiita mutsai, leo wewe msomi wa haki unaniita Saba?

"Ni kwa ulinzi wako."

"Wanaotaka kuniua wanajua jina langu. Nani hasa mnamficha asilijue?"

Alimwandikia msimamizi wake chuoni barua tatu juu ya hilo. Walizungushana miezi. Msimamizi akashikilia: namba, au tasnifu haipokelewi. Nami nikashikilia upande wangu. Mwisho Mkalimani akafanya ujanja wa mtu wa mahakamani. Ndani ya kitabu aliacha namba kama alivyoamriwa. Lakini mwanzoni, kwenye ukurasa wa shukrani, aliandika majina yetu sote, kamili, akasema hawa ndio walimu wake. Hakuna kanuni iliyomkataza kushukuru. Nilimwambia mimi sikuomba shukrani, niliomba jina. Akasema, "Limo. Chukua ulichopata, kesho tudai kilichobaki."

Alikuwa na neno alilolipenda kuliko yote. Sisi tukifika kwa mtu tunabisha hodi mara tatu, na kama hatukuitikiwa, adabu inasema turudi. Yeye alisema, "Haki haina adabu hiyo. Bisha mpaka mlango uchoke."

Na alibisha. Ila kabla sijafika huko, lazima mjue jambo moja juu ya kazi ya ukalimani. Mkalimani wa mahakama hasemi "anasema alimpiga." Anasema "mimi nilimpiga." Anakuwa ndiye yule. Hivyo ndivyo walivyofundishwa. Siku moja, zamani, alitafsiri maneno ya mtu aliyekiri kumkata mwenziwe kwa panga. Alisimama pale mbele akasema kwa sauti yake ile kavu, "Mimi nilimkata, na wala sijuti." Kesi ilipoahirishwa, shangazi wa marehemu alimngojea nje akamchapa na kiatu. "Hujuti? Hujuti wewe, shetani mweupe kichwa?" Askari wakaja kumwokoa. Alipokuwa akinisimulia haya alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Nililia kwa uchungu wa kiatu," alisema, "lakini nilijua nimeitafsiri vizuri."

Basi. Baada ya miaka yangu miwili Matsangoni alinishika mkono tukaenda kwa chifu kudai nirudi kwangu. Tulikwenda mara nne. Mara ya tano chifu aliitisha kikao, kwa sababu mkuu wa tarafa alikuwa mgeni, mtu wa bara, na alitaka kuona watu wake. Kikao kilijaa. Mwana wa Shemeji alivaa shati jeupe. Akasimama akasema kwa Kiswahili laini kama samli, "Mheshimiwa, sisi hatuna neno na mama yetu. Tulimkosa sana. Arudi, pale ni kwake."

Mkuu wa tarafa akatabasamu. Watu wakapiga makofi. Kisha Mwana wa Shemeji akanigeukia mimi, bado anacheka, akaniambia kwa Kigiriama, kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mamake, maneno mengine. Kila Mgiriama aliyekuwa pale aliyasikia. Chifu aliyasikia, akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Mkuu wa tarafa, ambaye hakuijua lugha, akaitikia kwa kichwa kama anayesikia baraka.

Mkalimani hakuwa ameitwa kutafsiri. Hakuwa na kazi pale, alikuwa mwanamke mzee tu aliyenisindikiza. Akasimama. Akaweka mikono nyuma, kama kortini. Akasema kwa Kiswahili, wazi, kila neno peke yake:

"Rudi, mchawi wewe. Siku utakayolala pale hutaliona jua. Panga nililomnolea kuku, nitakunolea wewe."

Mkuu wa tarafa akaruka kitini. "Nani amesema hayo?"

"Mimi," alisema Mkalimani, akamnyooshea kidole Mwana wa Shemeji. "Mimi nikiwa yeye."

"Uongo!" yule akapiga kelele. "Huyu mama ni kichaa! Nani alimuita huyu?"

"Basi rudia, mwanangu," Mkalimani akamwambia taratibu. "Rudia maneno yako, nami niyarudie. Sema polepole, nisikosee hata moja. Hapa pana watu zaidi ya mia wanaosikia Kigiriama. Nikiongeza chumvi, watanisahihisha."

Akangoja. Alijua kungoja, alikatiza maneno ya watu nyumbani tu. Mwana wa Shemeji alivuta kola ya shati lake jeupe. Akamtazama chifu. Chifu bado alikuwa na viatu vyake. Ndipo mama mmoja wa nyuma, ambaye hata simjui, akasema, "Ametafsiri sawa." Na mwingine, "Sawa kabisa." Na mzee mmoja wa kichwa kilichopakwa piko akasimama kwa shida na fimbo yake akasema, "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Na ni yeye."

Mkuu wa tarafa akaamuru yaandikwe yote. Mwana wa Shemeji akatia sahihi kwamba likinipata lolote ataulizwa yeye wa kwanza. Wiki hiyo nikarudi kwangu. Mwanangu wa mwisho akaacha kazi Mombasa akaja kukaa nami na mkewe na watoto. Jiko tukalijenga upya, la mawe.

Njiani tukirudi nilimuuliza Mkalimani, "Ni mkataba gani huo uliotumia leo?"

Akasema, "Wa kutonyamaza. Bado haujaandikwa."

Alimaliza masomo yake. Siku ya kuitetea tasnifu, walimu watatu walimhoji kwenye kompyuta kwa saa nzima, na mmoja akamuuliza kama hakuona kwamba alijiingiza mno katika maisha ya watu aliokuwa akiwachunguza. Akamjibu, "Niliingia nikakuta nyumba inaungua. Ungetaka nipime moshi?" Wakampa shahada. Alifurahi kama msichana. Kesho yake akampigia simu mkaza mwanawe kumuuliza nani kaosha sufuria kubwa kwa mchanga.

Mara ya mwisho tulipokaa pamoja ni mwaka huu, wingu la mvua ya mwaka, yaani masika, likiwa linajikusanya. Alikuja kwangu kwa tuktuk, na fimbo, amekonda. Alipumua kwa taabu. Hakuja kuniamkua tu. Alikuwa na neno, na nilimwona analizunguka.

Alijua ya kwangu yaliyokuwa yameanza tena. Mwana wa Shemeji sasa alikuwa amejifunza. Hatishi. Kwenye mazishi mawili yaliyopita alisimama akasema kwa huruma kwamba mama amechoka, apelekwe kwa bintiye akapumzike, na shamba wao watamtunzia. Na alianza kupanda mihogo upande wangu wa mpaka, mstari mmoja kila msimu, kama mtu anayeshona.

"Njoo ukae kwangu Malindi," Mkalimani akasema. "Chumba kipo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nihame?"

"Kati ya wale niliowahoji, wawili hawako tena. Mmoja ni yule mzee aliyesimama kwenye kikao akasema na yeye aliambiwa hivyo. Walimkuta shambani kwake." Akaiegemeza fimbo yake ukutani. "Nimesoma sheria zote za dunia, dada. Hakuna hata moja inayolala mlangoni pako. Mimi ndiye niliyekurudisha hapa. Sitaki kuwa ndiye niliyekuua."

Hapo nilimwona alivyokuwa, mzee mwenzangu aliyechoka. Nilimhurumia. Lakini huruma si sababu ya kusema uongo.

Nikamwambia, "Wewe hukunirudisha. Ulitafsiri. Miguu iliyorudi ni yangu. Yule mzee hakufa kwa sababu alisimama. Alikufa kwa sababu wengine walikaa. Nikiondoka leo, Mwana wa Shemeji atasema kumbe kweli alikuwa mchawi, ameogopa. Na kesho atakwenda kwa mwingine mwenye mvi, na huyo hatakuwa na wa kumtafsiria. Mimi hapa siondoki."

"Watakuua."

"Na waje. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, nimezaa saba, nimezika watatu na mume. Wananitisha na nini ambacho sijakiona?"

"Kichwa jiwe," akasema.

"Jiwe ndilo linaloshika mpaka."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo. Kisha akatoa begi lake akaniuliza, kwa ile sauti kavu ya kazini, ni lini hasa ile mihogo ilianza kuvuka mpaka, mstari wa kwanza msimu gani, wa pili msimu gani, nani aliona. Aliandika yote. Akaniambia ataipeleka kesi hiyo mahakama ya ardhi mwenyewe, kwa jina langu, si kwa namba. Aliiwasilisha. Kesi iko, na wakili kijana aliyefundishwa naye ndiye anayeisimamia sasa, kwa sababu yeye tulimzika kabla haijatajwa mara ya kwanza. Kijana huyo ameniambia itachukua miaka. Nimemwambia miaka ninayo.

Jioni ya siku ile alipoondoka, niliwakusanya watu wa nyumba yangu, mwanangu, mkewe na watoto wao watano. Kwetu sisi ardhi haisemwi kwa mdomo, inasemwa kwa mnazi. Aliyeupanda ndiye mwenyewe, na mnazi hauzai mpaka upite mwaka wa sita. Nikawaambia: "Mvua ikinyesha siku ya kwanza, hakuna kwenda shule wala kazini wala kanisani. Mtabeba miche, mtapanda kutoka hapa mlangoni mpaka kwenye mpaka, na mihogo ya watu mtaing'oa muirudishe upande wao kwa heshima. Ile safu ya mwisho, iliyo karibu nao, chimbeni mashimo tu muache. Nitaipanda mimi mwenyewe, mchana, wakiniona."